Kompresa ya upepo iliyofufuliwa kiwandani: ninunue, au nitakuwa nimepigwa?

#1 Semi_ya_Nala
Wakuu salamu.

Nina Scania R420 na tela la eksel tatu, kazi yake Dar–Isaka, mara nyingine inaishia Singida. Kompresa ya upepo wa breki imechoka. Upepo unapanda kwa kusuasua, draya (kikaushio cha upepo) ikipumua inatema uchafu mweusi, na ukifungua koki ya chini ya tangi yanatoka maji yaliyochanganyika na oili.

Hapa Dodoma nimeonyeshwa mizigo ya aina tatu. Used ya Ulaya, imetoka kwenye gari la kukatwa. Mpya ya Kichina. Na ya tatu iko kwenye boksi, wanasema imefufuliwa kiwandani Ulaya, waranti miezi sita. Hii ya tatu anataka 1.4m pamoja na ile mbovu yangu. Nisipomwachia mbovu, naongeza laki tatu. Mpya kabisa ya kampuni bei yake hata sikuuliza mara mbili.

Nani amewahi kufunga hizi za kufufuliwa ikadumu? Na kwa nini anang'ang'ania mbovu yangu?

#2 Kishoka_Mjini
Anaitaka aipake rangi amuuzie jirani yako. Uzi ufungwe.

#3 Fundi_Kizota
@Kishoka unachekesha, ila usimpoteze mwenzako. Kuacha mbovu ndiyo biashara yenyewe ilivyo. Kiwanda bila bodi, krenki na hedi za zamani hakina cha kufufua. Wanafumua yote, wanaosha, wanapima krenki, silinda inachongwa, halafu ringi, beringi, valvu, sili na gasketi zinaingia mpya. Mwisho inapandishwa kwenye mashine, inapimwa kama inajaza na kama inapitisha oili. Hizo laki tatu ni amana. Ukirudisha mbovu unarudishiwa, lakini ikiwa imepasuka bodi wanaikataa.

Hiyo ni tofauti na ukarabati wa uchochoroni, ambapo fundi anabadilisha kilichokufa na kuviacha vinavyokaribia kufa.

Swali langu kwako mleta mada: huyo muuzaji wa Dodoma hiyo mbovu anairudisha wapi? Kama hana jibu linaloeleweka, basi jibu la Kishoka linaweza kuwa ndilo.

#4 Dereva_wa_Sekenke
Mimi ni dereva, matajiri mtanisamehe. Kompresa haifi yenyewe, inauawa. Tajiri yuko radhi kununua kompresa kila mwaka lakini hosi ya tela inayovuja ananiambia "funga na mpira ufike". Nimevuta matela ambayo ukizima injini Manyoni ukanywa chai, ukirudi mshale wa upepo umelala na breki zimejikamata.

Kompresa inatakiwa muda mwingi iwe inazunguka bure. Inajaza, gavana (valvu inayoisimamisha upepo ukitosha) inakata, inapumzika. Tela likivuja haipumziki. Inachemka, oili inaungua ndani yake, inageuka masizi. Ukifunga nyingine juu ya uvujaji uleule, hata iwe mpya ya kampuni, utarudi hapa na uzi mwingine.

#5 Mama_Fuso
Nakubaliana na dereva nusu. Na madereva nao wanaokanyaga breki mlima mzima badala ya kushuka na gia na breki ya injini, hao tuwaweke wapi? Saranda nzima taa za nyuma zinawaka nyekundu.

#6 Dereva_wa_Sekenke
Dada, na breki ya injini iliyokufa tangu gari linunuliwe tuiweke wapi? 😂

#7 Fundi_Kizota
Dereva kasema kweli, niongezee vipimo. Wenye kutengeneza hizi kompresa wanataka kwa gari la safari ndefu muda wa kujaza usizidi robo hivi ya muda wote injini inapozunguka. Kabla hujatoa hela fanya hivi:

Weka kabari matairini. Jaza upepo hadi gavana ikate, zima injini, achia breki ya kuegesha. Acha upepo utulie, kisha angalia geji na saa. Kipimo wanachotumia Marekani kwa kichwa na tela moja ni upepo usishuke zaidi ya psi 3 (psi ni kipimo cha shinikizo) kwa dakika. Ukikanyaga breki na kushikilia, usizidi 4. Ukizidi, chukua maji ya sabuni uzunguke tela: hosi, viungio, boosta (chemba za breki), valvu ya tela.

Halafu washa. Injini ikiwa kwenye mzunguko wa juu, upepo utoke psi 85 hadi 100 ndani ya sekunde 45. Kama hauvuji na bado haufikii hapo, ndipo tuanze kuongelea kompresa.

#8 Mtwana_wa_Spea
Wakuu, mimi niko kwenye spea. Used ya Ulaya usiidharau. Imefanya kazi kwenye barabara nzuri, oili nzuri, inabadilishwa kwa wakati. Kuna wateja wangu wamefunga na wamesahau kama wana kompresa. Hizo za "kiwandani" nyingine ni used hizihizi zimeoshwa na dizeli na kupuliziwa rangi ya fedha.

#9 Semi_ya_Nala
Sasa nitazijuaje? Hiyo niliyoonyeshwa inang'aa kweli.

#10 Honi_Mbili
Kung'aa ndiko kunakonitia wasiwasi. Nilifanya karakana kubwa Dar, nimepokea nyingi. Iliyofufuliwa kweli ina kibao chake kipya chenye namba ya sehemu, na matundu yote yamezibwa vifuniko vya plastiki toka ilikotoka. Uso wa kukalia gasketi ni chuma kitupu, msafi. Ukikuta rangi imepita hadi juu ya uso huo, na chini ya rangi kuna mabaki ya gasketi ya zamani, hiyo imefufuliwa na brashi.

Chukua tochi, chungulia tundu la kuingizia hewa. Kwenye baadhi unaweza kufika hadi ukuta wa silinda. Ukuta uliochongwa upya una michoro midogo iliyopishana kama wavu. Ukiona ukuta laini unaong'aa na alama za mikwaruzo ya wima, mwambie ahsante uondoke.

Shika krenki, ivute na kuisukuma. Ikicheza mbele nyuma hadi unasikia mlio, weka chini. Zungusha pole pole, isikwame mahali.

Na waulize kama inakuja na gia. Nyingi zinakuja bila gia, unahamisha ya zamani. Gia ikiwa imelika meno unaanza upya safari ya kutafuta spea Gerezani, Dar.

#11 Kishoka_Mjini
"Imefufuliwa na brashi." Nimeiba hiyo.

#12 Mzee_Maji_Chumvi
Vijana, mnazunguka. Nimekaa na magari makubwa hapa Dodoma tangu barabara ya Singida ni vumbi tupu. Kinachoua kompresa Dodoma ni maji. Kompresa inapozwa na maji ya injini yanayopita kwenye hedi yake. Maji yetu ya visima ni ya chumvi, mnayamimina kwenye rejeta kwa ndoo. Chokaa inaganda kwenye njia za hedi ya kompresa, njia zenyewe nyembamba. Maji hayapiti, hedi inachemka, valvu zinaungua. Nunua ya Ulaya, nunua ya Uchina, ukimimina maji ya kisima ni kazi bure.

#13 Fundi_Kizota
Shikamoo mzee. Lakini kama ni maji, mbona injini yenyewe haifi kwanza? Hizo hedi ninazifungua karibu kila wiki, ninachokuta ni masizi upande wa upepo. Chokaa upande wa maji naiona mara chache.

#14 Mzee_Maji_Chumvi
Marahaba. Masizi yanatoka wapi kama si joto, na joto linatoka wapi kama si maji kukwama? Nimekwambia chanzo, wewe unaniambia matokeo.

#15 Dereva_wa_Sekenke
Na mimi nimewaambia joto linatoka kwenye kuvuja kwa tela 😅

#16 Vumbi_la_Bahi
Nyote mmesahau hewa yenyewe. Kompresa inavuta hewa kupitia filta ya injini. Kwetu huku kiangazi vumbi unalikata kwa kisu. Filta ikijaa, kompresa inavuta kwa shida, na kwenye silinda kunakuwa na mvuto unaopandisha oili kupita ringi. Nilikuwa na Howo, nikabadilisha filta na kuzibua mpumuo wa injini, oili kwenye matangi ikapungua sana bila kugusa kompresa.

#17 Honi_Mbili
Hilo la mpumuo ni la maana. Injini iliyochoka inasukuma gesi kwenye sampu (karai la oili), kompresa inarudishia oili yake humo humo sampu. Shinikizo likiwa juu, oili hairudi, inatafuta njia ya kupanda. Unailaumu kompresa kumbe injini ndiyo inataka ovahoo. @Semi, injini yako inapumua moshi kiasi gani ukifungua kifuniko cha oili?

#18 Semi_ya_Nala
Inapumua kidogo, lakini Scania nyingi hupumua bana. Msinitafutie ovahoo, nimekuja kununua kompresa.

#19 Mama_Fuso
Hahaha ndivyo uzi unavyokwenda mkuu. Ulikuja na kompresa, utaondoka na injini mpya.

Nilete kisa cha kweli. Shemeji yangu alikuwa na lori la semi, rejeta ikawa inarusha maji, ukifungua kifuniko linachemka mapovu hata asubuhi injini ikiwa bado ya baridi. Fundi akasema hedi gasketi. Wakafungua hedi, wakapeleka kuchongwa, wakafunga gasketi mpya. Mapovu yako palepale. Wakafungua tena, sasa wanasema bloku imepasuka. Gari limelala, mzigo umehamishiwa kwenye gari la mtu mwingine. Akaja mzee mmoja, akachomoa mabomba mawili ya maji yanayoingia na kutoka kwenye kompresa, akayaziba, akasema washa dakika chache tu. Mapovu hamna. Gasketi ya hedi ya kompresa ndiyo ilikuwa imekatika, upepo wote unaingia kwenye maji.

Hela ya kuchonga hedi hakuna aliyemrudishia.

#20 Fundi_Kizota
Hiyo inawapata wengi. Kila ukiona mapovu kwenye rejeta ya gari la breki za upepo, anza na kompresa kabla ya kugusa hedi ya injini. Ila usiendeshe kompresa bila maji, jaribu tu na kuzima.

#21 Spea_Bora_Dodoma
Karibuni wateja wetu! Tunazo kompresa za Scania, Volvo, DAF, Actros, Howo na FAW, mpya na zilizofufuliwa, bei poa, tunatuma mikoa yote. Njoo inbox.

#22 Kishoka_Mjini
Inbox ya nini? Weka hapa picha ya uso wa gasketi tuione kwa tochi ya Honi_Mbili.

#23 Mtwana_wa_Spea
Na useme risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) inatoka au haitoki, maana waranti bila risiti ni hadithi.

#24 Spea_Bora_Dodoma
Risiti ipo boss.

#25 Honi_Mbili
Tuzungumzie hiyo waranti, maana watu wanaumia hapo. Soma karatasi. Mara nyingi wanasema waranti haitambuliki kama hukubadilisha bomba la kutolea upepo na filta ya draya pamoja na kompresa. Na wana haki yao. Bomba linalotoka kompresa kwenda draya likikaa miaka linajaa masizi ndani. Nimewahi kulikata bomba la Actros kwa msumeno: nje ni bomba la kidole gumba, ndani tundu limebaki la kupitisha penseli. Kompresa inasukuma upepo kwenye tundu la penseli, shinikizo linarudi, hedi inaiva, masizi yanaongezeka. Kompresa mpya kwenye bomba hilo itakufa vilevile.

Lisafishwe? Watu wanalichoma moto, wanagonga na nyundo, wanapitisha waya. Mimi nasema nunua jipya. Na lisiwe na mabonde yanayotuamisha maji, literemke lote kwenda kwenye draya.

#26 Vumbi_la_Bahi
Draya yenyewe Dodoma ya nini? Hewa yetu ni kavu, mvua ni Desemba hadi Aprili tu. Mimi nimeitoa, nimeunga bomba moja kwa moja hadi tangini.

#27 Dereva_wa_Sekenke
Mkuu gari lako haliendi bandarini? Ukipakia Dar kwenye ule unyevu, tangi linakusanya maji kama unachota. Na kila safari lazima ufungue koki. Draya ni kinga ya valvu zote za breki, ukiitoa oili na maji vinakwenda hadi kwenye boosta, mpira unavimba unaoza. Siku utakayoshuka mlima Sekenke nijulishe nipande baadaye.

#28 Vumbi_la_Bahi
Gari langu linaishia Kibaigwa kwa mahindi, sina haja na bandari yenu.

#29 Mama_Fuso
Mgogo na mlenda wake, asiguswe.

#30 Tela_Mpya
Naomba kuuliza wakuu, wanasema used ya Wabco ni bora kuliko Knorr kwa kuwa Wabco ni kampuni ndogo ya Knorr iliyobaki na ubora wa zamani. Ni kweli?

#31 Honi_Mbili
Hapana. Wabco ilinunuliwa na ZF mwaka 2020, Knorr-Bremse ni washindani wao. Inayomilikiwa na Knorr ni Bendix ya Marekani. Zote zina kompresa nzuri, na kampuni zenyewe zina mkondo wao wa kufufua. Kilichopo ni kuhakikisha namba ya sehemu inalingana na ya kwako. Angalia pia kama kompresa yako ina krenki iliyotoboka nyuma kuendesha pampu ya stelingi. Ukinunua isiyo na tundu hilo, pampu utaifunga wapi?

#32 Semi_ya_Nala
Ya kwangu inayo pampu nyuma. Hilo muuzaji hakuniuliza kabisa.

#33 Fundi_Kizota
Basi tayari umejua anayeuza anajua nini.

Na la kufunga niseme, maana ndiko nyingi zinakofia. Mafundi wetu wanapenda silikoni. Wanamwaga silikoni kwenye uso wa kompresa hadi inafurika, ukikaza nati inabanwa kuingia ndani, inaziba tundu la oili. Tundu lenyewe dogo. Kompresa iliyotoka kwenye boksi asubuhi inakwama kabla hujafika mizani ya Njuki, Singida, na fundi anasema "mzigo ulikuwa mbovu". Tumia gasketi kavu iliyokuja nayo. Tia oili kidogo kwenye tundu kabla ya kufunga ili isianze kavu. Bomba la kurudisha oili lizibuliwe. Kwenye baadhi ya injini, kompresa za silinda moja zina alama ya taiming, ukiikosea gari zima linatetemeka.

#34 Mtwana_wa_Spea
Hapo ndipo mafundi wanapotuua. Nimerudishiwa kompresa tatu zimekwama, nazifungua naona kipande cha silikoni kwenye tundu, mteja anataka hela yake.

#35 Kishoka_Mjini
Tuwe wakweli, hii treni ya SGR ikianza kubeba makontena yote, hata hizo kompresa mtazitumia kupuliza matairi ya baiskeli.

#36 Dereva_wa_Sekenke
Treni itashusha mzigo stesheni. Kutoka stesheni hadi ghala la Nzega utaubeba kichwani wewe? Malori yapo.

#37 Semi_ya_Nala
Wakuu, nimerudi. Nimefanya mtihani wa Fundi_Kizota. Tela linavuja, hosi ya nyuma na boosta moja, tumeshabadilisha. Sasa upepo unakaa. Lakini kujaza bado ni pole pole, na oili bado inatoka draya. Bomba la kutolea tumelifungua, limejaa kiasi cha nusu. Filta ya hewa ilikuwa imechafuka. Mapovu kwenye rejeta hamna. Kwa hiyo ninyi mmoja mmoja wote mmeniambia ukweli na bado sijui nani muuaji.

Nimepata mtu Dar mwenye ya kufufuliwa, kibao kipo, vifuniko vipo, namba inalingana, na ina nafasi ya pampu nyuma. Bei kubwa kidogo kuliko ya hapa. Amana anairudisha akikagua mbovu.

#38 Honi_Mbili
Piga picha mbovu yako kabla hujaituma, kila upande, na uandikishane naye hali yake. Bomba nunua jipya, filta ya draya badilisha siku hiyohiyo.

#39 Mzee_Maji_Chumvi
Na rejeta je? Uliijaza maji gani?

#40 Semi_ya_Nala
Ya bomba la mtaani mzee.

#41 Mzee_Maji_Chumvi
Haya. Nimenyamaza.

#42 Fundi_Kizota
Mzee usinyamaze. @Semi hedi yako mbovu usiitume kwanza, ilete Kizota tuione njia za maji. Kama imeziba kwa chokaa nitamwomba mzee radhi mbele ya jukwaa zima. Kama ni safi, yeye ananunua nyama.

#43 Honi_Mbili
Msiifungue hiyo kompresa jamani! Ikipelekwa imefumuliwa anaweza kukataa amana. Chunguza kwa tochi kupitia matundu ya maji.

#44 Mzee_Maji_Chumvi
Tochi haioni kona. Mimi ninayo hedi ya zamani ya Scania nyumbani, ilitoka kwenye gari langu mwenyewe. Tutaikata hiyo.

#45 Fundi_Kizota
Ya kwako si ushahidi mzee, hiyo uliijaza chumvi makusudi 😂 Lakini lete. Jumamosi nipo.

#46 Mzee_Maji_Chumvi
Jumamosi nina msiba Kongwa. Jumatatu. Uwe na msumeno wa chuma, wangu umeisha meno.